Nakala ya Sita

Fundi wa majalada hasomi. Anahesabu. Hilo nilifundishwa na marehemu aliyenitangulia katika karakana ile ya chini ya maktaba ya chuo, nami nimewafundisha wawili waliokuja kujifunza kazi wakakimbia harufu ya gundi. Ukianza kusoma tasnifu za watu hutamaliza kazi, na isitoshe hutaelewa. Nimejalidi tasnifu za magonjwa ya kuku, za nyufa za madaraja, na nyingine ambazo hata kichwa cha habari kilinishinda kutamka. Miaka thelathini na moja kazi yangu ilikuwa kuhakikisha ukurasa wa hamsini na nne unafuatwa na wa hamsini na tano, hakuna karatasi iliyopinduka, uzi umekaza, na herufi za dhahabu mgongoni hazijaenda upande. Wanafunzi waliniita Mzee mbele ya wakubwa. Nikigeuka waliniita Fundi Gundi, nami nilijifanya sisikii.

Kwa hiyo ile Jumatano tarishi wa Msajili aliponiletea barua pamoja na nakala zote tano za tasnifu ya binti yangu, ambazo chuo kilizikusanya alipoondoka, nilianza kwa kuhesabu. Kurasa mia mbili sitini na tatu kila nakala. Ndipo nikaifungua barua.

Ilikuwa fupi. Nizichune nakala zote tano majalada yake, nitoe ukurasa wa 112 hadi wa 147, yaani sura nzima ya nne, nizijalidi upya na kuzirudisha kabla ya Jumatatu saa kumi. Mtahiniwa ameshaarifiwa. Akisaini kukubali sura hiyo iondolewe, na akiandika barua ya kuliomba radhi baraza la chuo, atatunukiwa shahada yake ya uzamivu na kurudishwa kazini kama mwalimu.

"Mzee, si ndiyo anarudi sasa?" tarishi akaniuliza huku akinishikia daftari la kusaini.

"Anarudi," nikasema, na kalamu ikaandika kitu ambacho hakikuwa saini yangu.

Tulikuwa na mtoto huyo mmoja. Jina lake ni la mama yangu mzazi, kwa hiyo tangu mchanga tulimwita Kabibi. Mke wangu akawa Mama Kabibi, mimi Baba Kabibi, basi. Alipoajiriwa kufundisha historia hapo hapo chuoni, alikuwa akishuka ngazi za karakana kila siku saa saba mchana, anavua viatu, anaketi kwenye kigoda karibu na mashine ya kukatia karatasi, tunakula. Alikuwa akilalamika juu ya wanafunzi wake mpaka chakula kinapoa. Mimi nilikuwa namwambia, "Kula kwanza, wajinga hawaishi." Sasa alikuwa na miezi kumi na moja katika nchi ya mbali, kwenye chuo kilichompa nafasi ya muda, katika chumba ambacho nilikiona kwenye picha tu. Tangu aondoke nilikuwa nakula nimesimama. Sikupenda kukiangalia kile kigoda, na sikutaka mtu mwingine akikalie.

Sasa niseme jinsi alivyoondoka, maana nisipolisema hilo mapema nitatafuta njia ya kulikwepa, na mimi ni hodari wa kukwepa.

Tasnifu ikishawasilishwa, huwa siri mpaka watahini waipitishe. Zinajalidiwa nakala tano, si zaidi: ya maktaba, ya idara, ya mtahini wa nje, ya msimamizi na ya mwenyewe. Siku zile zilipochapwa za Kabibi, seti moja ilitoka imesogea kushoto kidogo. Kanuni inasema seti mbovu ichanwe. Nimechana mamia ya seti mbovu za watoto wa watu bila kupepesa jicho. Ya mwanangu mkono ulikataa. Nikaishona kwa mkono, nikaivalisha kitambaa cha kijani nilichokuwa nimekiweka miaka bila kujua nakiwekea nini, nikapiga herufi za dhahabu mbele na mgongoni. Haikuwahi kutoka kazi nzuri vile mikononi mwangu. Halafu nikaifunga kwenye gazeti, nikaipeleka kwa Mhubiri wetu aiombee baraka.

Mnaweza kucheka. Mhubiri ndiye aliyewazika wazazi wangu. Nilipolazwa kwa ugonjwa wa mapafu alikuja wodini kila siku ya tatu, akanisomea mpaka nikasinzia. Kwangu alikuwa mtu mkubwa kuliko Makamu Mkuu wa chuo, na nilitaka mtu mkubwa aone kwamba Fundi Gundi amezaa daktari. Aliipokea kwa mikono miwili ofisini kwake, akasema, "Hongera, mzazi." Mimi nilitembea kurudi nyumbani kichwa kimevimba hata mlango ulikuwa mdogo.

Tofauti ya Mhubiri na mimi ni kwamba yeye husoma.

Baada ya majuma matatu alisimama mbele ya waumini akasema kuna mtu chuoni anaandika kwamba nyumba yetu ya ibada ilijengwa juu ya uongo. Hakutaja jina, wala hakusema kaipata wapi habari hiyo. Hakukuwa na haja. Nusu ya baraza la chuo huketi safu ya mbele katika nyumba ile. Barua zikaandikwa. Wanafunzi waliokuwa wakimsikiliza Kabibi darasani walisimama nje ya ukumbi na mabango, wakidai aondolewe. Mtu asiyejulikana akaja kuandika kwa rangi nyeusi kwenye ukuta wa nyumba yetu neno ambalo mke wangu alilisugua siku mbili halikutoka. Idara ikamsimamisha Kabibi kazi, ati kwa usalama wake. Na Mhubiri aliponikuta mlangoni alinishika mkono kwa nguvu, akasema kwa sauti ya chini, "Sina ugomvi na mtoto. Nalinda nyumba. Msaada wako hatutausahau."

Siku hiyo Kabibi alikuwa ameketi mezani kwetu na karatasi na kalamu. "Nakala ni tano," alisema. "Ya maktaba na ya idara ziko ndani ya kabati la Msajili, funguo anazo yeye. Ya mtahini wa nje iko kwako karakana, Baba, haijatumwa. Yangu ninalala nayo. Inabaki moja tu." Iliyobaki ilikuwa ya msimamizi wake, mwanamume wa makamo ambaye sisi wote tulimwita Dokta. "Dokta ameniuza," akasema, na akaanza kulia kwa namna ambayo sikuwahi kumsikia akilia tangu utotoni.

Nilimfundisha mwenyewe kuhesabu. Alihesabu vizuri kabisa, ila nilimnyima ya sita. Kunyamaza siku ya kwanza ni woga. Siku ya pili unashangaa, siku ya tatu imeshakuwa tabia.

Basi Jumatano ile, barua ikiwa mbele yangu, simu yangu ikalia. Alikuwa yeye, ingawa siku yake ya kupiga ni Jumamosi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo huko kwenye baridi?"

"Sijambo. Barua imekufikia?"

"Iko hapa."

"Basi kata tu. Jumatatu nitasaini, nitawatumia."

Mzazi mwenye akili angeuliza kwa nini. Mimi niliuliza, "Chumba chako tukipake rangi gani?"

Akacheka. Miezi kumi na moja sikuwa nimesikia kicheko chake kikitoka chote, na hata hiki hakikutoka chote, lakini nilikipokea. Halafu akatulia. "Ningekuwa na mtu wa kusimama naye ningepigana, Baba. Ile rufaa ya kupinga uamuzi wa baraza inataka saini mbili, yangu na ya msimamizi wangu. Sasa nisimame na nani, na yule? Sipokei hata simu zake. Wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako."

"Ndiyo," nikasema. "Ndivyo dunia ilivyo."

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema. Nayaweka kama yalivyo ili msije mkanidhania mema.

Alhamisi asubuhi nilifunga mlango wa karakana, nikachukua nakala ya kwanza. Kuchuna jalada si kazi ngumu. Unapasha gundi joto, unapitisha kisu kwenye mgongo, unaukata uzi, na kitu kilichokuchukua siku mbili kukifunga kinafunguka kwa dakika kumi. Nikahesabu hadi 112, nikaanza kuzitoa karatasi moja moja na kuzilaza kifudifudi. Kwenye ukurasa wa 118 mkono ukasimama. Niliona jina la binti yangu katikati ya ukurasa, nikafikiri ameweka saini mahali pasipotakiwa, na hilo lingekuwa kosa la kuripoti. Nikavaa miwani.

Halikuwa jina lake. Lilikuwa la mama yangu.

Kabibi alikuwa amenakili ukurasa kutoka kwenye daftari la zamani la nyumba yetu ya ibada, daftari la miaka thelathini ya mwanzo ambalo mimi sikujua lipo. Juu iliandikwa: waliosimama kusoma na kufundisha siku ya ibada. Chini yake majina, ya wanaume na ya wanawake, yamechanganyika kama watu walivyochanganyika. Mama yangu alikuwa wa tatu. Na ukurasa uliofuata tena. Binti yangu, kwa kuwa ni mtoto wa fundi, alikuwa amehesabu: katika miaka minne bibi yake alisimama mara ishirini na sita.

Basi nikakaa kwenye kigoda, nikasoma sura yote. Nilikuwa nasoma polepole, kidole chini ya mstari. Haikusema popote kwamba nyumba ilijengwa juu ya uongo. Ilisema kwamba wanawake walisoma na kufundisha mbele ya watu. Kwamba mwaka fulani kamati ilikutana, ikapiga mstari wa wino mwekundu juu ya majina yao, ikaandika kanuni mpya ya kuwakataza. Na kwamba miaka michache baadaye wahubiri walianza kusema kanuni hiyo ilikuwapo tangu mwanzo. Kulikuwa na maneno ya kikongwe mmoja aliyehojiwa. Alisema sauti ya mama yangu ilifika barabarani, hata wapita njia walikuwa wanasimama.

Mimi mama ninayemkumbuka alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Nilikuwa mdogo, nimeegemea paja lake, nikimtazama midomo. Ilikuwa ikienda muda wote wa somo, bila sauti, na ilimtangulia msomaji wa mbele kwa neno moja au mawili. Mimi nilidhani anatafuna kitu. Nilimwonea wivu, na siku moja nilinuna njia nzima kwa kuwa hakunigawia.

Nililia pale karakana, mtu mzima. Nilikuwa nimemkosa mama yangu miaka arobaini bila kujua ni nani hasa niliyemkosa. Mtoto wangu alikwenda akamtafuta, akamkuta, akaniletea mpaka mezani pangu, nami nikamhesabu kurasa zake nikampeleka kwa watu wampige mstari mara ya pili.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Dokta.

Zamani huyu bwana alikuwa akinijia na rula kupima kama herufi zangu zimenyooka, na tuligombana kwelikweli. Sasa koti lilimpwaya. Waumini walimwona ndiye aliyempotosha binti. Binti alimwona ndiye aliyemuuza. Walimu wenzake walikuwa wakikumbuka shughuli nyingine kila alipoingia chumba cha chai. Alibaki mlangoni akiwa ameshika bahasha.

"Sikuja kujitetea, Mzee," alisema. "Najua anavyonifikiria. Najua na wewe huenda unanifikiria hivyo."

Akaninyooshea ile bahasha.

"Nimekuja na hii tu. Ni fomu ya rufaa. Mwisho ni Jumatatu saa kumi. Simu zangu hapokei, lakini yako anapokea. Mwambie mimi nimeshasaini upande wangu."

Nikaitazama fomu. Saini yake ilikuwapo, na tarehe. "Hii ni ya mwezi ule ule alioondoka," nikasema.

"Ndiyo."

"Umeishika miezi kumi na moja?"

"Ningefanya nini tena? Ile ni kazi nzuri. Sijasimamia nyingine kama ile." Akaziona karatasi zilizolala kifudifudi. "Unazitoa?"

"Nimeagizwa."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Basi usizichane, tafadhali. Ziweke mahali." Akapanda ngazi akashika njia yake, na mimi nilikuwa bado sijasema neno moja la maana.

Ijumaa niliporudi nyumbani nilimkuta mke wangu amelitoa godoro la Kabibi juani na ameanika mapazia. Alikuwa akiimba. Nikamwambia nataka kesho, mtoto akipiga, nimweleze habari ya nakala ya kijani. Nilidhani itanibidi nianze kumsimulia ni nakala gani.

"Nilikuona ukitoka na kifurushi," alisema, hakugeuka. "Siku ile ile makelele yalipoanza nilijua. Nikasubiri useme. Ilipopita wiki hukusema, nikajua husemi, na mimi nikanyamaza."

Kumbe tulikuwa tumelala kitanda kimoja kila mtu na kimya chake.

"Mama Kabibi, nikimwambia hatasaini. Atakwenda kwenye rufaa na Dokta."

"Na rufaa ni miaka."

"Ni miaka. Na watu walioandika ukutani wapo. Hatarudi."

Akaliacha pazia, akanigeukia. "Basi kwa nini umwambie? Mtoto anarudi, Baba Kabibi. Juma lijalo, mwezi ujao, atakuwa pale," akaonyesha mlango wa chumba. "Mimi sijui habari za sura ya nne. Mimi namtaka mtoto. Wewe unataka kusafisha roho yako, unataka kuisafisha kwa maji gani? Kwa machozi yangu?"

"Atakaa meza moja na mimi akimlaani mtu asiye na kosa."

"Atasahau."

"Na mimi?"

"Wewe utanyamaza. Umeweza miezi kumi na moja, utashindwa sasa?"

Alikuwa na haki kila mahali, ndiyo maana nilikasirika, nikasema maneno ya hovyo juu ya ukoo wao, ambayo hayahusiani na jambo hili. Akaingia ndani. Godoro tukalisahau nje.

Msidhani nilipata ushujaa. Usiku huo na asubuhi yake nilikuwa namwona Kabibi amekaa kwenye kigoda, amevua viatu. Nilimtaka hivyo, hata kwa uongo. Nilijipa hoja zote: kwamba ni kurasa thelathini na sita tu, kwamba marehemu mama yangu hana haja ya karatasi, kwamba Dokta ni mtu mzima atapona. Kilichonishinda ni kitu kidogo. Kila nilipofika mahali pa kumkumbatia Kabibi mlangoni, alikuwa akiniuliza, "Baba, umesoma?" na sikuwa na jibu ambalo ningeweza kumpa nikiwa namtazama.

Jumamosi saa nne simu ikalia. Mke wangu alikuwa jikoni, akazima bomba la maji.

"Shikamoo, Baba. Rangi nimechagua."

"Marahaba. Kabibi, keti chini."

"Kuna nini? Mama yuko salama?"

"Mama yako yuko salama. Nakala zilikuwa sita."

Nilisikia gari likipita huko kwao.

"Unasema nini, Baba?"

"Ile seti iliyotoka imesogea. Sikuichana. Niliijalidi, nikampelekea Mhubiri. Mimi. Dokta hakumpa mtu kitu."

"Ulimpelekea ya nini?"

"Nilikuwa najivuna. Nilitaka aione."

"Ulikuwa umeisoma?"

"Hapana. Nimesoma juzi, sura ya nne. Nimemwona bibi yako, Kabibi. Mara ishirini na sita…"

"Usiniambie habari za bibi." Sauti yake ilikuwa chini, ya mtu anayeshikilia kitu kizito asikiangushe. "Miezi kumi na moja, Baba. Nilimwandikia yule mtu maneno ambayo hata mbwa haandikiwi. Nilikaa na wewe mezani. Nililia mbele yako."

"Najua."

"Hujui." Halafu akasema, "Umeniacha nihesabu," na simu ikakatika.

Mke wangu alitoka jikoni na mikono inachuruzika maji. Hakunigombeza. Alikwenda kulichukua godoro, akalirudisha chumbani, akafunga mlango.

Ile nakala ya kwanza niliishona tena mchana huo huo, na Jumatatu asubuhi nikazipeleka zote tano kwa Msajili. Akazipindua mgongo, akafungua moja. "Fundi, barua uliielewa?"

"Niliielewa. Kurasa mia mbili sitini na tatu, zimehesabiwa."

Hakupandisha sauti, ni mstaarabu. Wiki iliyofuata nikahamishiwa stoo ya samani, ambako mpaka leo ninapaka namba nyuma ya viti. Kazi haina ubaya. Kiti hakina sura ya nne. Dokta alinipitia huko siku moja kunionyesha fomu ya rufaa ikiwa na saini ya pili. Kabibi alikuwa amempigia simu mwenyewe, na walizungumza saa nzima. Aliniambia hayo amesimama, kwa adabu, bila kuniita Mzee. "Angalau umesema," akamaliza.

Siku ya ibada nilikwenda, nikakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Mhubiri alinifuata baadaye kuniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia nimesoma kile kitabu nilichomletea. "Unasema unalinda nyumba," nikamwambia, "na mama yangu alikuwa ndani ya nyumba." Alinitazama muda mrefu, na nadhani ilimuuma, maana ndiye aliyemzika. Lakini jina langu halikuitwa tena kwenye mambo ya kamati.

Rufaa ilipangiwa siku, ikaahirishwa, ikapangiwa tena. Kile chuo cha mbali kilimwongezea Kabibi miaka miwili. Habari hizo nilizipata kwa mama yake, kwa sababu Jumamosi sasa ilikuwa inalia simu ya mama yake. Anaipokea, anaingia nayo chumbani, anafunga mlango. Mimi nabaki mezani. Nilikuwa nasikia mke wangu akicheka, na kwa kicheko chake nilikuwa nakisia upande wa pili amesema nini. Siku nyingine nilikosea, najua, lakini nilikuwa nakisia hivyo hivyo. Hamu ya mtoto aliye hai ina uchungu wake. Hakuna anayekuja kukupa pole. Na simu yangu nilikuwa naichaji kila Ijumaa jioni, ingawa hakuna aliyenipigia isipokuwa wauza viwanja.

Jumamosi ya tisa tangu simu ile ikatike tulikuwa tumekaa mezani sote wawili, saa nne haijatimia. Simu ya mke wangu ilikuwa mbele yake, imewashwa, chaji imejaa, mkono wake karibu nayo kama kila Jumamosi. Ikalia simu, na si yake. Niliangalia kioo cha yangu nikaona namba ile ndefu ya nje, nikadhani macho yananidanganya. Nikapokea.

"Shikamoo," akasema Kabibi.

"Marahaba."

Nilimsikia akivuta pumzi, akaishikilia, na mimi nikaishikilia yangu. Nilikuwa na maneno ya wiki tisa mdomoni na sikuthubutu kutoa hata moja.

"Nipe Mama," akasema.

Nikainyoosha simu juu ya meza. Mke wangu akaitazama ya kwake iliyolala karibu na mkono wake, akaitazama yangu, akanitazama mimi, machozi yamemlenga. Akaipokea. Akaanza kusema naye pale pale alipokaa, mbele yangu, na safari hii hakuinuka kwenda kufunga mlango.